Muzalishaji wa Ng'ambo ya Reli

Alinawa mikono kabla ya kusalimia. Akifika uwanjani kwako, hata kama alikuja kuomba moto tu, alitafuta maji kwanza, akachutama, akaosha mpaka viwiko, akakung'uta, ndipo akasema, "Mumelala salama?" Watu wasiomjua walidhani ni maringo. Sisi tuliomjua tulielewa kwamba mikono ile haikuwa yake peke yake. Watoto wengi waliokuwa wakikimbia uchi kando ya reli walianza safari yao humo.

Tulimwita Muzalishaji, yaani mkunga. Jina lake nililijua, lakini alipenda litamkwe na watu wa kwake tu, kwa hiyo siliandiki. Alizaliwa wapi na kwa nani, hakunieleza, na sikumuuliza. Alikuwa mfupi, mweusi sana, amenyooka kama mtu aliyebeba mtungi kichwani hata pale alipokuwa hajabeba kitu. Alivuta tumbaku kwenye kiko kidogo cha udongo, na alikizima kila mara mwanamke mwenye mimba alipokaribia, bila kusema kwa nini.

Kituo chetu cha afya kiko nje kidogo ya Kalemie, upande njia inakoelekea Niemba. Reli inapita karibu nacho kiasi kwamba treni ikija, na haiji mara nyingi, chupa za dawa zinagongana kabatini. Miaka ile, vita vya vijana wa Batwa na vijana wa Baluba vilipowatoa watu vijijini, wakimbizi walijenga vibanda vya nyasi na maturubai pande zote mbili za reli. Hakuna aliyetoa amri, lakini baada ya muda mfupi ilikuwa wazi: Babantu, yaani Baluba na wenzao, walikaa upande wa ziwa, Batwa ng'ambo ya reli, kwenye mteremko wa kilima. Kisima kilikuwa upande wetu. Nasema "wetu" kwa sababu mimi ni Muluba na yeye alikuwa Mutwa, na sioni faida ya kusimulia habari hii kana kwamba jambo hilo halikuwepo.

Yeye alivuka. Mwanamke wa upande wetu uchungu ukimshika na muuguzi hayupo, mtu alitumwa ng'ambo, na Muzalishaji alikuja na kile kibeseni chake cha bati. Hivyo ndivyo alivyokuja kwangu pia. Mimi muuguzi mwenye cheti, mwenye miaka ya kuchoma sindano na kushona vidonda, nilishikwa na uchungu wa mwanangu Feza wakati mvua ilikuwa imefunga njia ya mjini na mume wangu alikuwa amekwenda Zongwe kununua samaki. Mwenzangu wa kituoni alikuwa amekwama mjini. Mama mkwe wangu alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akasema, kama mtu anayemeza kidonge kichungu, "Mumuite yule."

Nilipiga kelele mpaka nikaona aibu. Muzalishaji akanipiga kofi la paja.

"Wewe muuguzi, nyamaza. Hiyo nguvu unaipoteza mudomoni. Ishushe chini."

Nilipotaka kusukuma kabla ya wakati alinizuia kwa kiganja. "Ngoja. Mutoto si treni. Huyu atafika."

Feza alifika. Mama mkwe alilia, akamshukuru Mungu, akaenda kumchotea Muzalishaji uji. Aliuleta katika kikombe cha plastiki cha buluu ambacho hakikuingia ndani ya nyumba yetu. Kilikaa nje, kimechomekwa kwenye mti wa ua, na kila aliyepita alijua ni cha nani. Kila nyumba ya upande wetu ilikuwa na kikombe cha namna hiyo. Muzalishaji aliunywa uji wote, akakitazama kikombe, kisha akanitazama mimi niliyelala na mtoto kifuani.

"Mama mukwe wako anaogopa mudomo wangu," akasema kwa sauti ndogo, "na mikono yangu imeingia mupaka ndani ya ukoo wake."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri sana, cha msichana. Nami nikacheka, ingawa tumbo liliniuma.

Tangu siku ile tukawa marafiki, kwa namna tulivyoweza. Alikuja barazani kwangu mchana, tukachambua pamoja sombe, yale majani ya muhogo, akanifundisha kugeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, mimi nikampa glavu na wembe mpya. Damu ikimwagika sana kwa mzazi, hakuona haya kumleta kituoni mbio. "Hii imenishinda," alisema, "ni yako." Wakunga wengi wanakawia kusema neno hilo. Yeye alilisema upesi, na kuna wanawake wako hai leo kwa sababu hiyo.

Lakini siku za chanjo hakuja. Wala yeye, wala mtu yeyote wa ng'ambo. Upande wetu akina mama walipanga laini tangu asubuhi, wakigombania nafasi, watoto wamepakwa mafuta. Upande wa pili milango ilifungwa na moshi ukaacha kutoka. Wageni waliofika na magari walitikisa vichwa: Batwa ni wagumu, Batwa ni watu wa pori, Batwa wanaamini uchawi. Wenzangu walikubali, na mazungumzo yakaishia hapo. Ilikuwa sababu iliyotosha kwa kila mtu aliyetakiwa kurudi mjini kabla ya mvua.

Nilimjaribu yeye mwenyewe, maana nilijua alikuwa na mkono mwepesi wa kuchanja. Watoto wa ng'ambo walikuwa na chale ndogo ndogo kifuani na mgongoni. Ni yeye aliyezikata kwa wembe na kusugua dawa yake nyeusi.

"Muzalishaji, lete watoto wachanjwe."

"Nimekwisha kuwachanja."

"Nasema chanjo ya kituo."

"Wewe unachanja na sindano, mi nachanja na wembe. Juu ya nini yako ndo ya Serikali na yangu ndo ya ushenzi?"

"Sikusema ushenzi."

"Wewe hukusema." Alivuta kiko chake. "Hiyo yako inatoka wapi?"

"Inakuja na ndege, kutoka Kinshasa."

"Kinshasa kuna nani ananijua mimi?"

Nilianza kumweleza habari za magonjwa, jinsi mwili unavyojifunza kupigana. Alisikiliza vizuri, akaniuliza maswali mazuri, akakubali kwamba huenda ni kweli. Kisha akaenda zake, na siku ya chanjo iliyofuata moshi haukutoka ng'ambo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililiona kwa miaka bila kulielewa. Hakukaa kamwe penye watu wengi. Misa alisikiliza akiwa nje, dirishani, na kabla ya watu kutoka alikuwa amekwisha kuondoka. Arusini alikula nyuma ya nyumba, amesimama. Sokoni alikwenda mapema sana, wakati wachuuzi wanatandika magunia, akarudi kabla hapajajaa. Nilidhani anakimbia dharau zetu, maana dharau zilikuwepo za kutosha.

Aliniambia mwenyewe mchana mmoja barazani, bila mimi kuuliza. Kipaza sauti cha watu wa kugawa mbegu kilikuwa kinapita njiani, kikiwataka watu wakusanyike shuleni. Alisimamisha mikono juu ya majani ya sombe mpaka sauti ikaenda mbali.

"Kule kwetu ndani, vijijini, walikuja hivyo hivyo," akasema. "Muje wote kwenye shule, kuna chumvi, kuna sabuni, kuna sindano ya watoto. Watu wazuri wale. Mupaka leo nasema, walikuwa watu wazuri, chumvi waligawa kweli. Lakini kipaza sauti hakichagui masikio. Na wengine walisikia."

Niliweka majani yangu chini.

"Watu walikuwa kwenye laini, watoto mbele. Hakuna aliyehitaji kutafutwa. Binti yangu alikuwa pale na mutoto wake mugongoni. Mi sikuwa pale kwa sababu kulikuwa na mwanamuke anazaa, nyuma kabisa, karibu na mashamba. Nilisikia bunduki na mikono yangu iko ndani. Ningeacha? Sikuacha. Yule mutoto alipotoka, nilimuziba mudomo na kitambaa asilie."

Akaendelea kuchambua majani. Baadaye akasema, "Muntu akisema mukusanyike, mi nasikia neno lingine."

Sikumhimiza tena. Nilipeleka habari hii mjini, kwa dokta wa Zone, mkubwa wa vituo vya afya vya eneo letu, nikaomba tuwe tunakwenda nyumba kwa nyumba upande ule. Alikuwa mtu wa kusikiliza, lakini alisema hakuna mafuta wala watu wa kazi hiyo. Mambo yakabaki yalivyokuwa. Kila mara treni ilipopita nilitazama vile vibanda vya mteremkoni na kufikiri: watoto wote wale, na hakuna hata mmoja aliyekingwa kwa chanjo.

Shurua ilikuja wakati wa kiangazi. Tuliiona kwanza kwa wauza makaa waliosukuma baiskeli kutoka Niemba: mtoto amekaa juu ya gunia, macho mekundu, amefumba kwa sababu ya jua, anakohoa kikohozi kikavu kama cha mbwa. Wakapita. Baada ya hapo tukasikia kwamba kijiji cha kwanza kwenye njia kinazika. Kisha cha pili, kilicho karibu zaidi. Ugonjwa ulikuwa unakuja kwetu kwa mwendo wa miguu, na kila mmoja alikuwa anajua unapita njia gani.

Nilivuka reli. Nilimkuta Muzalishaji amekaa nje, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Nimeiona. Iko kwa wauza makaa." Zamani alikuwa amezika watoto wake mwenyewe kwa shurua, na wembe wake haukufaa kitu. Hilo alinieleza siku ile tu. Tukazungumza mpaka jua likasogea. Mwishowe akauliza, "Watakawia kwenye laini?"

"Mukija mapema, hamtakawia."

Akakubali. Sijui aliwaambia nini wanawake wa kwao. Asubuhi ya chanjo, umande ukiwa bado kwenye majani, waliteremka mteremko wakavuka reli, yeye mbele, wao nyuma, watoto wamefungwa migongoni. Walifika kabla ya kila mtu. Walipanga laini nzuri, kimya, kila mmoja akitazama kilima juu ya bega la mwenzake.

Msimamizi wa kampeni alikuwa kijana kutoka mjini, mwenye adabu, mwenye shati lililopigwa pasi. Alifurahi kuwaona. Lakini tulipokuwa bado tunafungua masanduku ya barafu, wanawake wa upande wetu walianza kufika, na walipoona nani yuko mbele, maneno yakaanza.

"Mutoto wangu aguswe na mikono iliyotoka kumugusa Mutwa?" Mmoja alipaza sauti. "Hapana. Wao wangoje."

"Walitufukuza kwenye mashamba yetu, na hapa tena watangulie?" akasema mwingine.

Msimamizi akaona ugomvi unakuja. Aliwaendea Batwa akawaomba wakae pembeni, kwenye kivuli cha ukuta, kidogo tu, mpaka watu watulie.

Nilimwendea. "Hawa wamefika wa kwanza."

"Mama Feza, nataka amani tu. Chanjo iko ya kutosha."

"Ukiwaondoa hapa hawatarudi kesho."

"Hawataondoka. Si unaona wamekaa vizuri?"

Walikaa vizuri, kweli. Walikaa asubuhi yote. Kivuli kilihama, nao wakahama nacho. Watu wa upande wetu walizidi kuja, hata kutoka mitaa ya mbali kando ya ziwa, maana habari za vijiji vya njiani zilikuwa zimewatisha. Watoto waliokohoa walikuwa humo pia, wengi, wakipita karibu na ukuta kwenda kunywa maji. Mimi nilichanja bila kuinua kichwa, nikiwaza: laini hii itaisha, nitawafikia. Mchana ulipoanza kulegea nilitia mkono kwenye sanduku nikagusa maji ya barafu iliyoyeyuka, hakuna chupa.

Msimamizi akawaendea ukutani. Jasho lilikuwa limemlowesha shati. "Poleni sana, akina mama. Imeisha. Muje kesho."

Muzalishaji alisimama. Nilitaka atukane. Ningefurahi kama angetukana. Alimtazama tu yule kijana, kisha watoto waliolala kwenye mapaja ya mama zao, akasema, "Kesho," kama mtu anayejifunza kutamka neno la lugha ngeni. Wakafunga watoto mgongoni wakavuka reli.

Kesho hawakuja, na chanjo pia haikuja; gari lilipelekwa mtaa mwingine.

Shurua ilivuka reli baada ya siku zile ambazo ugonjwa huu huchukua kukaa mwilini kabla ya kujionyesha. Sikuhitaji mtu wa kunihesabia. Wanawake wa ng'ambo nao walihesabu, bila vitabu, wakafika pale pale: watoto walikuwa wazima, wakapelekwa kwenye chanjo, wakakaa ukutani siku nzima, wakarudi na ugonjwa. Nani angewaambia si hivyo? Ilikuwa hivyo. Hawakuupata kwenye sindano, kwa sababu hakuna aliyewachoma. Waliupata kwa kungoja. Lakini ukiwa na mtoto anayepumua kwa mbavu, tofauti ya mambo hayo mawili ni ndogo sana.

Udongo mwekundu ulianza kuonekana mteremkoni, vifusi vifupi vya makaburi, kimoja kando ya kingine. Nilivuka kila siku na dawa nilizokuwa nazo. Milango mingine ilifunguliwa, mingine haikufunguliwa. Mama mmoja kijana, aliyekuwa wa kwanza kabisa kwenye laini ile, alitoka nje akiwa ameshika kitambaa cha kubebea mtoto, kitupu, akasimama mbele ya Muzalishaji. Mimi nilikuwepo.

"Wewe ndo ulitupeleka," akamwambia.

"Ndiyo," akasema Muzalishaji.

"Ulimutoa tumboni kwangu, na wewe mwenyewe ukamurudisha kwenye udongo."

Muzalishaji alikaa kwenye kigogo cha mlangoni pake, mikono imelala mapajani, viganja juu. Muda ule mwanamke wa nyumba ya nne alikuwa anazaa. Tulisikia kilio chake kupitia nyasi za ukuta. Hakuna aliyekuja kumwita. Walimtafuta bibi mwingine asiyeona vizuri. Nilimwona Muzalishaji anafuata kile kilio kwa pumzi yake, anasukuma pamoja nacho, mpaka mtoto akalia, ndipo akafumba macho.

Sikutegemea kumwona tena kwetu. Lakini alikuja, akanikuta nasuka nywele za Feza.

"Wako ambao haijawafikia," akasema. "Nyumba za juu. Chukua dawa. Usichukue muntu mwingine, usichukue kipaza sauti." Akamwonyesha Feza kwa kidevu. "Na huyu."

Nilielewa anachotaka. Mama mkwe pia alielewa. Alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mujukuu wangu haendi kule kwenye ugonjwa. Amekwisha kuchanjwa huyu!"

"Akichanjwa tena hakuna ubaya," nikasema, na ndivyo ilivyo.

"Ubaya si sindano! Ubaya ni wale!"

Muzalishaji alimtazama bila hasira. "Mama, hata mi naogopa wa kwako. Tuogope tukitembea."

Tulikwenda. Dokta wa Zone alikuwa amenipa chupa alizoweza kuzipata. Safari hii hakuniambia habari za mafuta. Mbele ya kibanda cha kwanza, mahali wote wa jirani wangeweza kuona kupitia nyufa, nilifungua chupa, nikavuta dawa, nikamchoma Feza. Alilia. Muzalishaji alikuwa amempakata, akamfuta machozi kwa kiganja, kisha akaanza kuita wanawake kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida kama unavyomwita mtu kula. Wa kwanza akatoka. Kutoka chupa ile ile nikamchanja mwanawe. Wa pili akatoka. Hatukusimamisha laini hata mara moja. Kila mmoja alirudi ndani ndipo aliyefuata akatoka. Yule mama kijana aliyezika hakuwa na mtoto mwingine. Alisimama mlangoni akatutazama mpaka tukapita.

Si wote waliofungua. Mara nyingi watu hutaka nimalizie hapa kwa kusema walifungua wote. Hawakufungua, na baadhi ya watoto wa nyumba zile walikufa. Wengine wamekua, nawaona wakiuza kuni barabarani.

Baada ya hapo watu wa ng'ambo walirudi kidogo kidogo ndani, mbali na ziwa, wengine vijijini, wengine juu kwenye vilima, na Muzalishaji alihama nao. Niliambiwa walimwita tena kwenye uzazi, si nyumba zote. Alipita kwangu mara moja moja, kila mara amepungua kidogo, akanawa, akasalimia, akaenda.

Mwaka huu shurua imerudi. Na kabla yake zilirudi bunduki. Tumezisikia upande wa Niemba, mbali, na treni imeacha kuja kabisa. Siku moja kabla ya chanjo uvumi ulipita mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba, haraka kuliko kipaza sauti chochote: vijana wa Batwa watateremka siku watu watakapokusanyika. Asubuhi niliweka meza, nikapanga mabenchi uwanjani, nikafungua sanduku. Kipaza sauti kilizunguka, kikaita, kikarudi. Hakuna aliyekuja. Mabenchi yalikaa juani. Nilikwenda nyumbani kwangu mwenyewe nikamkuta mama mkwe amefunga mlango kwa ndani.

"Leo hatukusanyiki," akasema kupitia tundu. "Na wewe rudi ndani, Mama Feza. Unataka kutuzika?"

Nilirudi kituoni. Mchana, kutoka ng'ambo, nikaona watu wanavuka reli. Nilidhani ni wale vijana. Lakini alikuwa yeye, na fimbo, amezeeka sana, na wanawake wachache nyuma yake wenye watoto wachanga. Nilichanja upesi upesi. Hakukuwa na mtu wa kuwaambia wangoje. Walipomaliza, aliwarudisha kwa mkono, wakaenda mbio, yeye akabaki.

"Watu wako wako wapi?"

"Wanaogopa. Wanasema vijana wenu wanakuja."

Alitazama mabenchi. Hakuonyesha kushangaa wala kufurahi.

"Ni kweli, Muzalishaji? Wanakuja, ao hawaji?"

"Sijui. Siku hizi vijana hawaniambii mambo yao." Alikwenda polepole mpaka katikati ya uwanja, akakaa kwenye benchi la mbele, peke yake, uso kwenye kilima. Yeye, ambaye sikuwahi kumwona amekaa mahali kama pale. "Waambie wako waje. Waambie mi niko hapa."

"Na wakija hao vijana?"

"Wengi wao nimewazalisha mimi. Wakija, waanze na mimi. Labda watasimama kidogo. Hapo ninyi mukimbie na watoto."

Niliita nyumba ya kwanza, nikawaonyesha Muzalishaji kwa kidole. Waliona kikongwe wa Kitwa amekaa juani. Muda ulipita. Kisha mwanamke mmoja akatoka, akakimbia ameinama, mtoto kifuani. Halafu mwingine. Mama mkwe alimleta mtoto wa binti yake, uso umekauka, akapita karibu na lile benchi, akasita, akaendelea. Nilichanja nimeinamisha kichwa. Nilipoinua macho niliona Muzalishaji amekumbatia fimbo yake kwa mikono miwili, lakini hakugeuza uso.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Sana. Chanja, mwanangu. Usiniangalie mimi."

Nilichanja mpaka hakukuwa na mkono mwingine wa mtoto mbele yangu. Kilimani hakikushuka kitu siku ile. Kwa siku zijazo sijui, na hakuna anayejua. Wanawake walikuwa wamesimama kando ya ukuta na watoto wao, wamesongamana, hawajui kama wameruhusiwa kuondoka. Muzalishaji alijiinua kwa fimbo yake akawageukia.

"Muende sasa," akasema. "Musitembee pamoja."

Wakamtii. Walitoka mmoja mmoja, kila mmoja na njia yake kati ya vibanda, na yeye akabaki amesimama katikati mpaka uwanja ukawa mtupu.